Windows na Linux kwenye mashine moja: flashi, mashine pepe, diski ya pili au kugawa diski?

"Kaka, nipigie Linux, lakini Windows yangu usiiguse."

Ombi hili hunifikia zaidi wiki ambazo vyuo vya huku Nyegezi na Malimbe, Mwanza, vinafunguliwa. Anayelileta mara nyingi ni mwanafunzi mwenye mpakato mmoja tu, ulionunuliwa ukiwa umeshatumika, na ndani yake zimo picha za familia, ripoti ya mafunzo kwa vitendo na vitabu alivyokusanya kutoka flashi za wenzake tangu kidato cha tano. Mhadhiri amemwambia somo la programu litahitaji Linux, mfumo endeshi mwingine tofauti na Windows. Windows naye anaihitaji, maana Excel na SPSS alizozizoea ziko huko.

Tangu Oktoba 14, 2025 wameongezeka watu wa aina nyingine. Siku hiyo Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10, na masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha yalipangiwa kufika Oktoba 13, 2026. Windows 11 nayo, kwa masharti yake rasmi, inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64, na kwa prosesa za Intel kwa kawaida kuanzia kizazi cha nane. Mipakato mingi inayopita mezani kwangu ni ya kizazi cha nne hadi cha saba. Nguvu bado inayo. Mwenye mpakato wa namna hiyo hasumbuliwi na somo la chuo. Anataka kujua ataendeleaje na kazi bila kuutupa, na wakati huohuo haiachi Windows kwa sababu mahesabu ya duka yamo humo.

Wote wawili wana njia nne mbele yao: kuwasha Linux kutoka kwenye flashi, kuiweka ndani ya Windows kama mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza, kuipa diski yake yenyewe, au kuigawa diski iliyopo ili mifumo miwili ikae pamoja. Mafundi wengi huruka moja kwa moja hadi ya nne. Mimi huzipanga kwa swali moja kabla ya mengine yote: mambo yakienda kombo, utapoteza nini? Kasi naiuliza baadaye.

Ijue mashine yako kwanza

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha tafuta mambo matatu: prosesa ni ipi, RAM ni kiasi gani, na mashine inawaka kwa mtindo mpya wa UEFI au ule wa zamani unaoandikwa Legacy. Hilo la tatu watu hulipita, nalo ndilo huja kuwasumbua: mifumo miwili ikikaa kwenye diski moja, yote inatakiwa iwake kwa mtindo uleule. Halafu jua kama diski ni SSD, ile ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka, au ni ile ya zamani inayozunguka. Inayozunguka utaisikia ukitega sikio karibu na kibodi, ina mvumo mwembamba usiokatika. Ukiwa nayo hiyo, ushauri wangu kuhusu mashine pepe unabadilika kabisa.

Flashi: kuonja kabla ya kununua

Linux nyingi zina fadhila ambayo wanaoanza hawaijui: unaweza kuziwasha kutoka kwenye flashi na kuzitumia bila kusakinisha chochote. Diski yako haiguswi mpaka wewe mwenyewe ubofye alama ya kusakinisha, kwa hiyo alama hiyo iache ilivyo.

Faili la Linux Mint lina takriban GB 3, na la Ubuntu 24.04 takriban GB 6. Kwa bando la kawaida hiyo ni mizigo mizito. Pakua ukiwa chuoni, au mwombe mwenye nalo akupe kwenye flashi, hakuna kosa lolote kisheria kugawiana mafaili haya. Ila ukishalipata, lihakiki. Fungua dirisha la amri la Windows, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe mfuatano utakaotokea na ule uliochapishwa kwenye tovuti ya watengenezaji. Herufi moja ikitofautiana, faili limeharibika njiani au limechezewa. Nimeona usakinishaji ukigoma katikati mara nyingi kwa sababu ya faili bovu, na mwenye mashine akaamini kwamba kompyuta yake haiipendi Linux.

Kuliandika faili kwenye flashi, tumia Rufus, au Ventoy kama unataka mifumo kadhaa kwenye flashi moja. Zote mbili hufuta kilichokuwemo kwenye flashi wakati wa kuiandaa. Na uiogope flashi ya bei ya kutupa inayojitangaza kuwa na GB 64: nyingine zina GB 8 tu ndani, na zinameza kila unachoandika baada ya hapo bila kulalamika. Programu ndogo ya H2testw huijaza flashi tupu na kuisoma upya, na uongo hujitokeza.

Ukiwasha mashine, bonyeza kitufe cha kuchagua pa kuwakia. Kwenye HP nyingi ni F9, Dell na Lenovo nyingi ni F12. Linux ikifunguka, usiishie kuzungusha kipanya na kusifia rangi. Jaribu Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini, kamera, na kufunga mfuniko kisha kuufungua. Baadhi ya mipakato ya zamani ina kadi za Wi-Fi ambazo Linux haizioni mpaka uzipatie draiva, programu ndogo ya kuziendesha, na ni afadhali ulijue hilo leo ukiwa unaonja kuliko kesho ukiwa umeshahamia.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba flashi husahau. Ukizima, faili uliloandika na programu uliyoweka vimekwenda. Inawezekana kutenga nafasi ya kukumbuka, lakini flashi za kawaida ni za polepole na huchakaa haraka zikiandikwaandikwa. Kwa kazi ya muhula mzima haifai. Kwa kuonja haina mpinzani, na hata baada ya kuchagua njia nyingine usiifute, kwa sababu siku kompyuta ikikataa kuwaka, flashi hii ndiyo itakayokuingiza ndani ukaokoe mafaili yako.

Mashine pepe: mgeni ndani ya nyumba ya Windows

Hapa Windows inabaki ilivyo. Unasakinisha programu kama VirtualBox, ambayo unaipata bila malipo, na ndani ya dirisha lake unaunda kompyuta ya kuigiza yenye RAM yake, diski yake na skrini yake. Linux ikiwekwa humo huamini kwamba iko kwenye kompyuta halisi. Hata ukikosea ukachagua kufuta diski nzima, itakayofutwa ni ile ya kuigiza, ambayo kwa Windows si kitu zaidi ya faili moja kubwa.

Kwa anayejifunza, hiyo ni neema. Mtu hujifunza Linux kwa kuivunja: unafuta folda isiyofaa kufutwa, unabadilisha ruhusa za mafaili ya mfumo, unaandika amri uliyoinakili bila kuielewa. Mashine pepe inakuruhusu kupiga picha ya hali ilivyo kabla ya kuthubutu, na ukiharibu unarudi pale baada ya dakika chache. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayompa anayeanza uhuru wa kukosea kwa kiwango hicho.

Kuna jambo la pili ambalo halisemwi vya kutosha. Mashine pepe ni njia inayokuruhusu kutumia mifumo yote kwa wakati mmoja. Dada mmoja anayesoma mitandao ya kompyuta aliniletea mpakato wenye RAM ya GB 16 akitaka tuigawe diski. Nilimuuliza anachofundishwa, akasema seva na wateja wake. Tukaweka mashine pepe mbili, moja ikiwa seva, nyingine mteja, tukaziunganisha kwa mtandao wa ndani, naye akafanya mazoezi yote ya muhula pale pale bila kununua waya hata mmoja. Kama tungeigawa diski, angekuwa na mfumo mmoja tu ulio macho kila wakati, na seva isiyo na wa kuihudumia haimfundishi mtu kitu.

Gharama iko kwenye RAM. Mgeni na mwenyeji wanakula sahani moja. Windows peke yake, ikiwa na kivinjari kilichofunguliwa, hula GB 3 au zaidi bila kujivuta, na Linux yenye dawati kamili inahitaji angalau GB 2, ikistarehe kwenye 4. Kwa hiyo mashine ya GB 4 usiihangaishe na mashine pepe. Utapata mifumo miwili na wote wawili watalala na njaa. Kwenye GB 8 mpe mgeni GB 3 au 4, na ufunge vurugu za kivinjari upande wa Windows. Prosesa yenye viini vinne mpe viwili. Nafasi ya diski tenga kama GB 25 hadi 30. Na kama diski ni ile inayozunguka, hata RAM ya GB 8 haitakuokoa: kichwa cha diski kinahudumia mifumo miwili kwa zamu, na kila ubofyaji unasubiriwa.

Zipo kero mbili zaidi. Ya kwanza, uwezo wa prosesa kubeba mashine pepe, unaoitwa VT-x kwenye Intel na AMD-V kwenye AMD, huweza kuwa umezimwa ndani ya BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka. VirtualBox ikigoma kuwasha mfumo wa biti 64, kaangalie huko kabla ya kulaumu kitu kingine. Ya pili ni betri. Mifumo miwili huimaliza mapema, na kwa sisi ambao umeme unaweza kukatika saa moja usiku ukiwa na kazi ya kukabidhi asubuhi, nusu saa ya betri ina thamani yake.

Kama unachohitaji ni amri za Linux tu kwa ajili ya kuandika programu, ipo njia nyepesi ya jamii hii hii: WSL, Linux iliyoandaliwa na Microsoft yenyewe kukaa ndani ya Windows 10 za karibuni na Windows 11. Fungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika wsl --install, na Ubuntu inajiweka. Mwanafunzi wa Python au wa tovuti mara nyingi hahitaji zaidi ya hapo. Anayetaka kujifunza jinsi mfumo unavyosakinishwa, unavyowaka na unavyotunzwa, hiyo haitamtosha.

Diski ya pili: kila mtu na nyumba yake

Hii ndiyo njia ninayoipenda, na inanisikitisha kwamba watu wachache huiulizia. Unanunua SSD ndogo, hata ya GB 120, unaiweka Linux humo, na diski ya Windows hubaki haijui kilichotokea.

Kwenye kompyuta ya mezani ni kazi ya bisibisi na waya wa SATA. Mipakato mingi ya kuanzia miaka ya 2010 iliyokuwa na kisoma DVD inaruhusu kukitoa kisomaji hicho na kuweka mahali pake fremu ya kubebea diski. Pima unene kabla ya kununua: ziko za milimita 9.5 na za milimita 12.7, na ukikosea haitaingia. Mipakato mipya zaidi mara nyingine ina nafasi tupu ya M.2, tundu la SSD nyembamba. Ikikosekana nafasi kabisa, SSD ndani ya kasha la USB 3.0 inafanya kazi vizuri kuliko flashi yoyote, mradi uichomeke kwenye tundu la USB 3.0, ambalo mara nyingi huwa na plastiki ya buluu.

Siri moja ya njia hii nakuomba uishike. Wakati wa kusakinisha Linux, ichomoe diski ya Windows kwanza. Iondoe waya, iweke pembeni. Visakinishi vya Linux huweza kuiweka programu ya kuwashia kwenye diski ya kwanza hata kama mfumo wenyewe umeuelekeza kwenye ya pili, na hapo umeshazifunga nyumba mbili kwa mlango mmoja bila kujua. Ikiwa diski ya Windows iko mezani, haiwezekani kuifuta kwa bahati mbaya wala kuchanganya milango. Ukimaliza irudishe, na kuanzia hapo unachagua mfumo kwa F9 au F12 wakati wa kuwasha.

Kasi unaipata yote, kwa sababu Linux ina mashine nzima peke yake ikiwaka. RAM ya GB 4 inatosha. Siku ukiichoka Linux, unaichomoa diski na hadithi inaishia hapo. Unachopoteza ni pesa ya diski, na uwezo wa kutumia mifumo yote kwa pamoja.

Kugawa diski: njia inayojulikana zaidi na yenye miiba mingi

Ndiyo wanayoiita kupiga mifumo miwili. Unapunguza eneo la Windows, eneo lililobaki unalipa Linux, na kila ukiwasha kompyuta inakuja menyu ya GRUB ikikuuliza unakwenda wapi. Haihitaji kununua kitu, kasi ni kamili, na kwa mwenye mpakato usio na nafasi ya diski ya pili, huenda ndiyo njia pekee inayofaa. Siikatai. Naiogopa kwa mtu mwenye kompyuta moja isiyo na nakala ya akiba.

Nina sababu. Niliwahi kuombwa na kikundi cha wafugaji wa samaki kwa vizimba, huku kando ya ziwa, niwaongezee Linux kwenye kompyuta yao ya mezani. Sikupunguza tu eneo la Windows. Nilikuwa nasogeza mwanzo wa sehemu moja ya diski ili nipate nafasi, kazi inayohamisha data yote kutoka mahali hadi mahali na kuchukua saa nyingi. Hapakuwa na UPS, ile betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika. Umeme ukakatika ikiwa haijafika nusu. Rekodi zao za chakula cha samaki na za vifo vya vifaranga, za miezi mingi, hazikusomeka tena. Walikaa wiki mbili wakiziandika upya kutoka kwenye madaftari, na baadhi ya kurasa zilikuwa zimelowa maji hazisomeki. Walinisamehe upesi kuliko nilivyostahili. Tangu siku hiyo sigusi mpangilio wa diski ya mtu bila kuona kwa macho yangu nakala ya mafaili yake kwenye diski nyingine, na kompyuta ya mezani isiyo na UPS siianzi kabisa.

Ukiamua kwenda njia hii, mpangilio una maana. Windows hutangulia, Linux hufuata, kwa kuwa kisakinishi cha Linux huitambua Windows na kuiweka kwenye menyu, ilhali kisakinishi cha Windows hakifanyi hivyo kwa Linux. Eneo la Windows lipunguze ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa kifaa chake cha kusimamia diski, na uiachie angalau GB 30 tupu za kupumulia. Linux ipe GB 50 au 60 kama zipo. Usisogeze mwanzo wa sehemu yoyote. Punguza mwisho tu.

Kabla ya hapo, zima kile kipengele cha kuwaka haraka (Fast Startup) kilichomo kwenye mipangilio ya nishati ya Windows. Kikiwa kimewashwa, Windows ikizimwa haizimiki kabisa, inasinzia na kuacha mafaili yake nusu wazi, na Linux ikijaribu kuyaandika itakataliwa au italeta madhara. Halafu angalia kama diski imefungwa kwa usimbaji wa BitLocker. Mashine mpya za Windows 11 zinazotumia akaunti ya Microsoft huweza kuwa zimejifunga zenyewe bila mwenyewe kujua. Tafuta ufunguo wa kurejesha, una tarakimu 48, uandike kwenye karatasi, na uzime usimbaji kabla ya kugawa. Nimeona mtu mzima akitokwa na machozi mbele ya skrini ya buluu inayodai tarakimu hizo, na hakuna fundi hapa mjini wala kwingineko anayeweza kuzibuni.

Kisakinishi kikifika kwenye ukurasa wa diski kitakupa machaguo, na mawili yanakaa jirani: kusakinisha kando ya Windows, na kufuta diski nzima. Simama hapo. Soma mara mbili. Kama chaguo la kando ya Windows halipo, maana yake kisakinishi hakijaiona Windows, na sababu za kawaida ni kuwa umewasha flashi kwa mtindo tofauti na ule wa Windows, au diski imesimamiwa kwa mpangilio wa Intel unaoficha diski mpaka ubadilishwe kwenye BIOS, na huo nao usiubadilishe kabla ya kuiandaa Windows kuupokea. Ondoka, kaulize. Usibofye kingine kwa kubahatisha.

Angalia pia diski imegawanywa kwa mtindo gani: ule wa zamani wa MBR una kikomo cha sehemu kuu nne, na Windows huweza kuwa imeshachukua tatu au zote. Mtindo wa GPT hauna shida hiyo.

Na ipo kero ndogo itakayokutokea hata mambo yakienda vizuri, kwenye njia hii na ile ya diski ya pili pia: saa. Windows husoma saa ya mashine kama saa ya mahali ulipo, Linux huisoma kama saa ya dunia, na sisi tuko saa tatu mbele ya hiyo. Utatoka Linux saa nne asubuhi, uingie Windows ukute inasema saa moja. Watu hudhani betri ya saa imekufa, wakanunua nyingine bure. Ukiwa Linux andika timedatectl set-local-rtc 1, na mifumo itapatana.

Kuondoka nako kuna gharama. Ukifuta eneo la Linux ukiwa Windows, menyu ya GRUB inabaki bila kichwa na kompyuta huweza kukataa kuwaka mpaka uirejeshee Windows nafasi ya kwanza kwenye mpangilio wa kuwakia. Kwenye diski ya pili ungechomoa tu.

Zikiwekwa bega kwa bega

Kwa usalama wa data, mashine pepe na diski ya pili iliyosakinishwa huku ya kwanza ikiwa mezani ziko sawa kwangu, flashi iko karibu nazo, na kugawa diski kuko mbali nyuma. Kwa kasi mambo yanageuka: diski ya pili na kugawa zinalingana, mashine pepe inategemea RAM, flashi ya kawaida ni ya mwisho. Kwa pesa, diski ya pili peke yake ndiyo inayokulazimisha kununua kitu cha maana, ingawa anayegawa bila diski ya nje ya kuhifadhia nakala anakopa tu gharama ileile.

Ukiniuliza Linux ipi, kwa anayeanza nasema Linux Mint, na kwa mashine dhaifu ile yenye dawati jepesi la Xfce. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, na zote zina msaada hadi 2029. Ubuntu, iliyoanza 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ina maelezo mengi zaidi mtandaoni. Na jina lake, kwa sisi wasemaji wa Kiswahili, halihitaji kamusi, ni ndugu wa utu.

Basi mwanafunzi mwenye GB 8 na SSD: onja kwa flashi, kisha mashine pepe, au WSL kama somo ni la kuandika programu tu. Mwanafunzi mwenye GB 4: tafuta diski ya pili, au uongeze RAM kama mpakato unaruhusu. Ofisi yenye kompyuta ya mezani: diski ya pili, wala tusibishane. Mwenye duka anayetaka kuihama Windows 10 taratibu: diski ya pili pia, atumie Linux kwa intaneti, barua pepe na nyaraka, na arudi Windows kwa programu ya mahesabu tu, pengine bila hata kuiunganisha na mtandao. Anayestahili kugawa diski ni yule mwenye mpakato mwembamba usiopokea diski nyingine, mwenye nakala kamili ya mafaili yake, betri nzima, na ambaye ameshaitumia Linux kwa flashi au mashine pepe kiasi cha kujua anaitaka.

Juzi alikuja mwalimu kutoka Ukerewe, mpakato wake ni wa kizazi cha nne, GB 4, wenye kisoma DVD ambacho hakijaguswa miaka. Alikuja kwa nia ya kugawa diski, na meli ya Nansio ilikuwa ya mchana. "Fundi, nikirudi kisiwani huko hakuna wa kunisaidia," alisema. Tulitoa kisomaji, tukaweka fremu ya milimita 12.7 yenye SSD ya GB 120, diski ya mitihani ya wanafunzi wake ikiwa imekaa juu ya meza muda wote. Mint ikaingia. Tukapakua masasisho yote na kifurushi cha lugha akiwa bado hapa penye mtandao mzuri, tukarudisha diski yake, tukazima kipengele cha kuwaka haraka, tukapatanisha saa. Flashi ya kuwashia tuliifunga kwa utepe ndani ya begi la mpakato, na kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya mashine niliandika kwa herufi kubwa: F9 NDIYO MLANGO.